Je, maana ya neno "ndizi" ni ndizi? Jibu kwa mwalimu wa Moshi

Mwalimu mmoja anayefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari mjini Moshi ameniandikia hivi: "Niliwauliza wanafunzi wangu maana ya neno ndizi. Mmoja alisema maana yake ni ndizi yenyewe, ile unayoweza kuishika mkononi. Wa pili alisema ni picha inayomjia mtu kichwani. Wa tatu, ambaye mama yake anauza ndizi soko la Mbuyuni, alisema neno hilo lina maana nyingi, kwa sababu kuna mshare, mzuzu, kisukari na ndizi ng'ombe, na kila moja ina kazi yake. Nilishindwa kuamua nani nimpe alama. Naomba unieleze maana ni nini hasa, na istilahi kama fahiwa, kirejelewa, polisemia na homonimia zinaingia wapi katika jambo hili."

Mwalimu mwenzangu, pokea salamu kutoka Arusha. Nimefurahi kwamba hukulimaliza swali hili kwa kuwasomea wanafunzi fasili ya kitabuni, kwa sababu majibu yao matatu yanagusa karibu kila dhana ya msingi ya semantiki, yaani taaluma ya maana katika lugha. Msimamo wangu ni huu: maana ya neno si kitu, wala si picha. Ni ujuzi ambao wazungumzaji wa lugha wanaushiriki, unaowawezesha kutambua neno linafaa kutumika kwa kitu gani na halifai kwa kipi, na linahusianaje na maneno mengine yaliyo jirani yake. Wanafunzi wako hawakubahatisha. Kila mmoja alishika upande mmoja wa jambo ambalo wanaisimu wamelitenga na kulipa jina lake, na kilichowafanya wapishane ni kwamba sisi Waswahili tunaziita pande zote hizo kwa neno moja, yaani maana.

Angalia jinsi tunavyolitumia neno hilo kwa siku moja tu. Tunauliza, "Maana ya neno hili ni nini?" tukitaka kuelezwa neno tusilolijua. Tunasema, "Sikuwa na maana hiyo, dada," na hapo hatuzungumzii neno lolote bali nia ya msemaji. Tunasema, "Mawingu yale juu ya Meru maana yake ni mvua," ambapo hakuna msemaji kabisa. Tunamwita mtu "mtu wa maana" tukipima thamani yake, na tunasema, "Sikuja, maana gari liliharibika," ambapo neno limegeuka kiunganishi cha kutolea sababu. Matumizi mawili ya mwisho tuyaache. Matatu ya mwanzo ndiyo yanayowachanganya wanafunzi, kwa sababu maana ya neno, maana ya msemaji na dalili ya kimaumbile ni vitu vitatu tofauti, na somo la semantiki linashughulika hasa na cha kwanza. Jina lenyewe la somo si la kale sana, kwani ni Mfaransa Michel Bréal aliyeanza kulitumia mwaka 1883.

Tofauti kati ya dalili na maana ya neno ilielezwa vizuri na mwanafalsafa Paul Grice katika makala yake ya mwaka 1957, lakini wanafunzi wa Moshi wana mfano ulio karibu nao zaidi. Mawingu yanaonyesha mvua kwa sababu ya hali ya hewa yenyewe. Hakuna watu waliokaa wakakubaliana iwe hivyo. Lakini jani la sale, lile linalopandwa kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, likifungwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na Mchaga aliyelelewa katika mila anajua kwamba kulikataa si jambo dogo. Lipeleke jani hilohilo Lindi, nawe utaonekana umebeba jani tu. Hakuna kitu ndani ya jani kinacholifanya liombe msamaha. Kinacholipa uwezo huo ni mapatano ya jamii, ambayo hakuna aliyeyaandika lakini kila mwanajamii ameyarithi.

Maneno yako hivyohivyo. Ferdinand de Saussure, mwanaisimu wa Uswisi ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kufariki kwake, aliuita uhusiano huo unasibu. Sauti za neno ndizi hazina utamu wala rangi ya tunda hilo, na watu wa lugha nyingine wanaliita vingine bila kupoteza chochote. Saussure alisema kwamba ishara ya kiisimu ina pande mbili, kiashiria, ambacho ni umbo la sauti, na kiashiriwa, ambacho ni dhana inayofungamana na umbo hilo. Zingatia, Mwalimu, kwamba katika pande hizo mbili hakuiweka ndizi yenyewe.

Na hapo tunakutana na mwanafunzi wako wa kwanza. Kile anachokishika mkononi kinaitwa kirejelewa, yaani kitu kilichoko ulimwenguni ambacho msemaji anakitaja kwa kutumia neno katika tukio fulani. Kirejelewa ni muhimu, lakini hakiwezi kuwa ndicho maana. Zimwi halipo, na hata hivyo mtoto yeyote aliyesimuliwa hadithi anajua neno zimwi linamaanisha nini, na anajua kwamba halimaanishi sawa na jini. Pia ndizi niliyoila asubuhi haipo tena, ilhali neno lake halijapungukiwa chochote.

Hoja yenye nguvu zaidi ilitolewa na Mjerumani Gottlob Frege mwaka 1892. Aligundua kwamba semi mbili zinaweza kuelekea kitu kimoja na bado zikawa na maana tofauti. Mfano wake ulikuwa nyota ya asubuhi na nyota ya jioni, ambazo zote ni sayari moja, Zuhura. Mimi darasani natumia mfano wa Mwalimu Nyerere. Chukua semi hizi mbili: "rais wa kwanza wa Tanzania" na "mtu aliyeitafsiri kwa Kiswahili tamthiliya ya Shakespeare juu ya Julius Caesar". Kirejelewa ni kimoja. Sasa sema, "Neema anajua kwamba rais wa kwanza wa Tanzania alizaliwa Butiama." Sentensi hiyo inaweza kuwa kweli. Badilisha usemi wa kwanza uweke wa pili, useme kwamba Neema anajua mtafsiri wa tamthiliya ile alizaliwa Butiama, na sentensi inaweza kuwa si kweli, kwa sababu pengine Neema hajawahi kusikia habari za tafsiri hiyo. Kama maana ingekuwa ni kitu kinachotajwa, kubadilishana huko kusingeathiri chochote. Kinachotofautiana baina ya semi hizo ndicho tunachokiita fahiwa, yaani njia ambayo usemi unatufikishia kirejelewa chake. "Mlima Kilimanjaro" na "mlima mrefu kuliko yote barani Afrika" ni njia mbili za kufika penye mwamba mmoja wenye urefu wa mita 5,895, na mtu anaweza kuwa ameishi chini yake miaka yote akiijua njia moja bila kuijua ya pili.

Mwanafunzi wa pili, wa picha, yuko karibu zaidi kuliko wengi wanavyomkubalia, lakini hajafika. Mtoto wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, akisikia ndizi huenda akaona mkungu wa kijani unaosubiri kumenywa. Mtoto wa Dar es Salaam huenda akaona chane ya ndizi mbivu za njano kwenye toroli. Picha zao hazifanani, lakini wakizungumza wanaelewana, kwa hiyo kile wanachokishiriki lazima kiwe kitu kingine. Zaidi ya hapo, lugha ina maneno mengi ambayo hayana picha. Mwombe mwanafunzi akuchoree labda, au si, au maneno kama uhuru na deni. Kila mtu anayaelewa vizuri, na hakuna anayeweza kuyachora.

Hata hivyo picha ina mahali pake. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Eleanor Rosch, alionyesha kwamba watu hawaichukulii dhana kama chumba chenye kuta, ambamo kitu kiko ndani au kiko nje. Dhana ina kitovu, penye mifano bora, na ina pembezoni, penye mifano yenye mashaka. Waulize wanafunzi wako wakutajie ndege. Watataja njiwa, kunguru, tai. Ni wachache watakaoanza na kuku, ingawa hakuna atakayekataa kwamba kuku ni ndege, na mbuni atawafanya wafikiri kidogo. Picha aliyoizungumzia mwanafunzi wako ni mfano bora wa dhana, na mfano bora wa ndizi kule mlimani si ule wa pwani. Basi mpe sifa yake, kisha umwonyeshe kwamba mfano bora ni sehemu tu ya ujuzi tunaouita maana.

Sehemu nyingine ya ujuzi huo ni ile ambayo Saussure aliiita thamani ya neno, nami naiona kuwa ndiyo iliyosahaulika zaidi mashuleni. Neno halisimami peke yake. Linagawana eneo na majirani zake. Nafaka ikiwa shambani au ikiwa bado na maganda yake ni mpunga, ikikobolewa ni mchele, ikipikwa ni wali. Mtu anayejua neno wali bila kujua mchele hajui bado wali ni nini, kwa sababu mpaka wa neno moja umechorwa na neno la pembeni. Kiingereza cha kila siku hutosheka na neno moja kwa hizo zote tatu, na ndiyo maana mgeni anayejifunza lugha yetu huenda dukani akaomba kilo mbili za wali. Ana kirejelewa sahihi kichwani na picha nzuri kabisa, lakini hana ramani ya maneno jirani.

Linganisha na ndizi. Tunautofautisha mmea na tunda, mgomba na ndizi, kama tunavyotofautisha mchungwa na chungwa. Lakini tunda lenyewe, liwe bichi, bivu au limepikwa, linaendelea kuitwa ndizi. Hapo ndipo penye uzito wa jibu la mwanafunzi wako wa tatu.

Alichokiona ni kweli. Nimesimama mara nyingi mbele ya muuza ndizi Mbuyuni nikasema, "Mama, naomba ndizi," naye badala ya kunipa akaniuliza, "Za kupika au za kula?" Swali hilo linaonyesha kwamba neno langu halikumtosha. Lakini neno kutotosha ni jambo moja, na neno kuwa na maana nyingi ni jambo jingine. Kuna hali tatu ambazo wanafunzi huzichanganya, nazo ni homonimia, polisemia na ujumla.

Chukua kitenzi panda. "Mwanafunzi alipanda mti" ina maana mbili: ama aliuweka mche ardhini ama aliukwea mti. Mzungumzaji wa leo haoni uhusiano wowote kati ya maana hizo, wala kati yake na panda ya njia, ile iliyoipa jina lake Njia Panda kule upande wa Himo. Haya ni maneno tofauti yaliyogongana kwa umbo, na hiyo ndiyo homonimia. Neno kichwa, kwa upande mwingine, lina kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha treni, na kila mtu anaona kinachoziunganisha maana hizo: kilicho juu, kilicho mbele, kinachoongoza. Hilo ni neno moja lililotanuka, na hiyo ndiyo polisemia.

Kiswahili kinatupa hapa chombo ambacho lugha nyingi hazina, nacho ni upatanisho wa kisarufi. Sikiliza: ndege ametua, ndege imetua. Umbo la nomino halijabadilika hata kidogo, lakini kiambishi cha kitenzi kimekwisha kutuambia kwamba wa kwanza ana mbawa zenye manyoya na ya pili imefika KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kaa amekimbilia shimoni, kaa la moto limezimika. Mbuzi amefungwa chini ya mti, mbuzi ya kukunia nazi imekatika meno. Waambie wanafunzi wako watafute nomino nyingine za namna hiyo, wazitungie sentensi, kisha wabishane ni zipi zina uhusiano wa maana na zipi hazina. Mbuzi ya kukunia nazi itawapa ubishi mzuri. Wapo watakaoona kichwa na miguu ya mnyama katika umbo la kile kibao, na wapo watakaoona imekwisha kuwa kitu cha kujitegemea. Ubishi huo si dalili ya udhaifu wa somo, kwa sababu mpaka baina ya polisemia na homonimia hauko wazi kila mahali, na kamusi nazo hupishana katika kuamua ni lini neno lipewe kidahizo kimoja, yaani ingizo moja la kamusi, na lini lipewe viwili.

Sasa twende kwenye kipimo kitakachokupa jibu la ndizi. Sema, "Asha alipanda mti, na Juma pia." Sentensi hiyo inaruhusu kwamba wote wawili waliukwea, au wote wawili waliweka miche ardhini. Hairuhusu kwamba Asha alikwea na Juma akaatika mche; ukiilazimisha hivyo, msikilizaji atahisi amechezewa. Hiyo ni alama kwamba panda ina maana mbili zilizotengana kweli. Halafu sema, "Asha alinunua ndizi, na Juma pia." Asha anaweza kuwa na mkungu wa mshare wa kupikia mtori na Juma akawa na kisukari tatu za kula njiani, na hakuna atakayeona kasoro. Kwa hiyo mshare na kisukari si maana mbili za neno ndizi. Ni aina mbili zilizo chini ya maana moja iliyo pana, na hiyo ndiyo hali ya tatu niliyoitaja, ujumla. Uhusiano wa aina na neno pana lililo juu yake unaitwa haiponimia, na una mwelekeo mmoja: aliyenunua mshare lazima amenunua ndizi, lakini aliyenunua ndizi si lazima awe amenunua mshare.

Mahusiano mengine nitayapitia haraka kwa kuwa najua umeyafundisha. Vinyume si aina moja. Hai na mfu hugawana uwanja wote bila kubakiza kitu katikati, ilhali kubwa na dogo ni kiwango, ndiyo maana tembo mdogo bado ni mkubwa kuliko panya mkubwa, na kununua na kuuza ni tukio moja likitazamwa kutoka pande mbili za meza. Visawe navyo ni adimu kuliko tunavyowaambia wanafunzi. Kufa na kufariki huelekea tukio lilelile, lakini hakuna anayesema mbwa wake amefariki, kwa sababu kufariki kumebeba heshima ya mtu. Geoffrey Leech, katika kitabu chake cha mwaka 1974, aliainisha maana katika aina saba, na uzito huo wa ziada unaingia katika baadhi yake. Uainishaji wake ni mzuri, lakini nasikitika kuona wanafunzi wakizikariri aina saba kabla hawajaweza kutenganisha neno na kitu. Waanze na hilo.

Uzito wa ziada unaweza pia kuhama na wakati. Ndugu ni neno la ukoo, lakini katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, lilikuwa cheo cha usawa ambacho kila mwananchi aliitwa, awe waziri au mkulima. Wazee wakilisikia leo kwenye mkutano linawaletea zama nzima, wakati kijana wa miaka kumi na saba anasikia tu namna rasmi ya kumtaja mtu.

Imebaki maana ya msemaji. Ukinyoosha mkono kwenye fungu la mshare, muuzaji anasema, "Za jana hizo, Mwalimu." Sentensi yake inasema jambo moja tu, kwamba ndizi hizo zililetwa siku iliyotangulia. Lakini umekwisha kuelewa kwamba anakushauri uchukue fungu jingine, au kwamba yuko tayari kukupunguzia bei. Hilo la pili linaitwa dokezo, nalo ni eneo la pragmatiki, taaluma ya maana inayotokana na mazingira ya mazungumzo. Dokezo linajulikana kwa kuwa linaweza kufutwa bila kujipinga: "Za jana hizo, lakini chukua tu, bado ni nzuri kwa mtori, wala bei haipungui." Hajajipinga hata kidogo. Kilichomo katika maana yenyewe ya maneno hakifutiki hivyo. Jaribu kusema, "Ameua nyoka, lakini nyoka hajafa," na sentensi inaanguka papo hapo, kwa sababu kufa kumo ndani ya kuua. Nakushauri ukitumie kipimo hiki kila mara mwanafunzi anapokuuliza kama jambo fulani ni la semantiki au la pragmatiki. Hata ile hali ambapo mama wa Moshi akisema, "Leo tunakula ndizi," na watoto wote wanajua ni za kupikwa na nyama, inatokana na mazingira, kwa kuwa anaweza kuongeza, "mbivu, za baada ya chakula," bila kuharibu chochote.

Kuhusu alama, kama zingekuwa tano, mimi ningempa wa kwanza mbili kwa kukitambua kirejelewa, wa pili tatu kwa kuufikia mfano bora wa dhana, na wa tatu ningempa nne, kwa sababu peke yake ndiye aliyelitazama neno likiwa kazini miongoni mwa maneno mengine. Ile ya tano ningemwekea hadi ajaribu mwenyewe, mbele ya darasa, sentensi ya Asha na Juma.